Kiberiti Kimefichwa

Mjukuu wangu,

Umeadimika kama maziwa ya kuku, leo njaa ndiyo imekukumbusha bibi, unaniuliza dengu zinapikwaje! Haya, nasema, jirani yangu fundi cherehani anaandika. Kaanga kitunguu. Usikitazame, kisikilize: kikipunguza kelele, tia nyanya, kisha dengu zilizochemka, funika. Wagawie wenzako, usile peke yako kama mchawi.

Baba yako amenificha kiberiti. Ati, “Mama, macho yamekwisha, utajiunguza.” Macho yamekwisha, masikio je? Jana nilipika dengu hizo hizo kwenye jiko la fundi. Baba yako akala, akaramba sahani, ndipo akauliza nani kapika. Nikamjibu, “Kipofu wako.”

Ukija, sitaki sukari wala sabuni. Niletee kiberiti, na upitie mlango wa jikoni.

Bibi yako, mpishi mpaka kaburini