Inchi Thelathini na Tatu

Jumatatu, 3 Machi

Gauni limeshinda. Tangu asubuhi mpaka saa ya chakula ofisi haikuwa na habari nyingine. Lile la penseli — shingo ya V, mikono mifupi, mkanda wa kitambaa hicho hicho, linabana mpaka chini ya magoti. Kila mwanamke mwenye kazi mjini analo au analitaka. Bosi kaamua wanawake wote tisa tulivae siku ya kufungua jengo jipya, Jumamosi ya tarehe 22, tupigwe picha ngazini pamoja na wageni.

Mjadala: linampendeza kila mtu, au lina wenyewe? Dada wa mapokezi katoa simu. Kuna mwanamke humo anasema mshono huu hauna ubaguzi — umbo la chupa, umbo la ubao, mwenye tumbo, mwembamba, wote linawakaa. Mhasibu kasema lina masharti, linataka nyonga. Mama Faili wa masijala, aliyebakiza mwaka mmoja astaafu, kasema mwili wake hauna kona hata moja, sasa hilo gauni litajuaje kiuno kiko wapi. Tukacheka. Kisha Mhasibu akanigeukia — na Tani je?

Tani ni mimi. Tangu kiti changu kilipovunjika mwaka jana mbele ya wageni. Ni jina la upendo, wanasema. Nikacheka nao. Siku hizi nimekuwa hodari wa kucheka.

Habari njema: nimempendekeza mdogo wangu awe fundi, na Bosi kakubali. Yakitoka vizuri atampa sare za matawi yote. Matawi yote! Na mdogo wangu ana cherehani moja na chumba cha kupanga, mwezi wa nne huu tangu aache kushona chini ya mtu. Nilipompigia nilidhani simu imekatika. Kumbe analia.

Jumanne, 4 Machi

Mdogo wangu anataka kuja kutupima mwenyewe. Dada, anasema, kipimo cha mtu hakichukuliwi mdomoni mwake. Nimemwambia Bosi hapendi wageni saa za kazi. Nitapitisha karatasi, kila mtu aandike chake.

Bosi hajasema hivyo. Sikumuuliza hata.

Ukweli — na nitauandika hapa tu — sitaki kuzungushiwa tepu mbele yao. Sitaki kumwona Mhasibu akisubiri namba itajwe.

Jumatano, 5 Machi

Nimechora jedwali. Jina, kifua, kiuno, nyonga, urefu. Jina la kwanza langu, kwa kuwa katibu muhtasi ni mimi na kalamu ilikuwa mkononi mwangu. Nilipofika kwenye kiuno nikasita. Mkono ukaandika 33.

Ni 40. Nimejipima bafuni leo asubuhi, mara mbili, ya pili nikiwa nimebana pumzi.

Nikajiambia nitapungua. Wiki mbili na nusu zipo. Maji ya moto asubuhi, mchana nisile. Wengine wameweza.

Kisha karatasi ikazunguka, nami naichungulia. Mhasibu kasoma mstari wangu, kaniangalia, kasoma tena. Kama Tani ni 33, yeye awe nani? Kaandika 27. Dada wa mapokezi kaandika 26. Mama Faili kakaa na kalamu muda mrefu, mwisho kaandika 34, kwa mwandiko mdogo kuliko wake wa siku zote. Ikaingia kwa Bosi. Ikatoka na 29.

Bosi 29! Mwenye macho haambiwi tazama. Nilikuwa na nafasi ya kuichana karatasi ile pale pale na kusema imemwagikiwa chai. Nikaitia kwenye bahasha.

Ijumaa, 7 Machi

Mdogo wangu kapiga simu wakati wa chakula. Kauliza ofisi yetu ni ya watu au ya vijiti. Nikacheka. Kisha kauliza polepole — dada, na hiki chako ndicho hiki hiki? Nikasema ndiyo, nimepungua. Kasema haya, hongera.

Bosi amenunua kitambaa kwa kufuata karatasi ile. Bluu iliyoiva, kizito, hakivutiki hata kidogo. Hakuna kipande cha ziada. Mdogo wangu anasema pembeni hawezi kuacha akiba ya kufungulia, labda nusu inchi. Nimemwambia usijali.

Usijali! Mimi huyu!

Jumatano, 12 Machi

Njaa. Nimegombana na printa, na mlinzi, na mwanangu kwa sababu ya soksi. Nimejipima: 40. Mwili mkaidi kama mwenyewe.

Jumatatu, 17 Machi

39 na nusu. Magauni yanaletwa kesho.

Jumanne, 18 Machi

Sijui nianzie wapi.

Yalifika saa nne, yamepigwa pasi, kila moja na jina lake. Kazi safi! Mishono imenyooka, zipu zimelala, hata ndani pamemalizwa vizuri. Mhasibu mwenyewe, ambaye hasifu kitu, aliugusa mkanda akasema fundi huyu ana mkono. Nikajisikia mrefu. Kwa dakika tano hivi.

Stoo ya karatasi ndiyo ikawa chumba cha kujaribia. Wa kwanza dada wa mapokezi. Zipu ikapanda mpaka katikati ya mgongo, ikagoma. Tukavuta wawili. Ikagoma. Mhasibu lake likapita, zipu ikafungwa kwa nguvu za watu, lakini kukaa hawezi. Alisimama wima kama mshumaa akasema sasa hapa nahemaje. Mama Faili lilimkwama kifuani, mikono juu, kichwa ndani. Hakuna aliyecheka. Tulipomtoa alikuwa na machozi, akasema ni vumbi la stoo.

Bosi aliniita ofisini kwake, akafunga mlango, akageuka nimfunge zipu. Nafasi ya kiganja kizima ilibaki wazi mgongoni. Nikasema ni zipu, Madamu, imekaza. Akasema ndiyo, ni zipu. Hatukutazamana.

Tisa tumeandika uongo. Nadhani kila mmoja anajua wake tu, anaamini wenzake waliandika kweli. Au wote tunajua. Lakini nani aanze? Rahisi ni kusema fundi hajui kupima. Na ndivyo ilivyosemwa, kabla hata chai haijapoa.

Mimi nikabaki wa mwisho. Niliingia stoo naomba lisinitoshe. Kweli niliomba. Niwe kama wao, nilie nao, yaishe.

Likapanda. Zipu ikafunga kwa vidole viwili. Nikapumua, nikainama, nikakaa juu ya katoni la karatasi. Linanikaa! Pembeni, kutoka kwapani mpaka kwenye pindo, mdogo wangu ametia vipande vyeusi, vya kitambaa chake mwenyewe, vinapita kiunoni vikiwa vyembamba, vinapanuka kwenye nyonga. Kwenye kioo cha dirisha nilimwona mwanamke mwenye kiuno. Sijawahi kuvaa nguo ya kazi iliyonipenda hivi. Ofisi nzima imebishana wiki mbili kama gauni hili linampendeza kila mwili, na jibu lilikuwa limesimama stoo, limejifungia, linaogopa kutoka.

Hakunishona kwa karatasi. Alijua. Amenipima tangu tukiwa wasichana, tukigawana nguo. Akaona 33 yangu, akanyamaza, akakata 40, na kitambaa kilipopungua akaongeza chake.

Nilipotoka, wote waligeuka. Mhasibu ndiye aliyesema — ahaa. La ndugu yake amelishona kwa mapenzi, yetu kwa mkasi tu.

Jumatano, 19 Machi

Mdogo wangu kaja asubuhi, tepu shingoni, na mfuko umejaa mabaki ya kitambaa cheusi. Bosi hakumkaribisha ndani. Kazungumza naye hapo hapo kwenye korido, wote tukisikia.

Kasema Madamu, nipeni saa moja niwapime upya. Nikiweka vipande vya pembeni kama nilivyomwekea dada, siku mbili zinanitosha. Sitalala, lakini Jumamosi mtavaa.

Bosi kasema vipimo tulikupa, kwa mwandiko wetu wenyewe. Unataka kusema hatujui miili yetu?

Hapo ndipo palikuwa pangu. Mlango ulikuwa wazi kabisa. Sentensi moja tu! Nikapanga upya karatasi zilizokwisha pangwa.

Bosi kauliza tena, mbona la huyu limemkaa? Karatasi moja, fundi mmoja. Mdogo wangu kaniangalia mara moja tu. Kisha katazama chini — nilikosea kukata, Madamu. Naomba radhi.

Nilikosea! Yeye, ambaye ndiye pekee asiyekosea kitu katika jambo hili lote.

Wanawake tisa tunatazama sakafu. Mama Faili kasema, kama anajisemea, mficha uchi hazai. Hakuna aliyemuuliza anamsema nani. Kavuta faili, kaanza kuhesabu kurasa.

Nilimsindikiza mdogo wangu mpaka getini. Nikamwambia nitasema. Kanishika mkono — usiseme, dada. Wamekucheka vya kutosha. Mimi nitarudi kwa tajiri wangu wa zamani, hatanifukuza. Nikamwambia lakini wamedanganya wote. Kasema najua. Ila ushahidi ni mmoja tu, dada, na umeuvaa wewe. Mtu akiuzungushia tepu huo mwili, basi, siri yako imekwisha.

Kisha kasema neno ambalo limenikalia kifuani tangu saa ile. Kasema labda kweli mkono wangu haujakomaa. Ningekuja kuwapima kwa nguvu, hata wangenifukuza. Fundi anayejua kazi yake angekuja.

Alitaka kuja. Mimi ndiye niliyemzuia. Hata hilo analichukua yeye.

Nimekula mikate miwili nikiwa nimesimama jikoni. Sikusikia ladha yake.

Alhamisi, 20 Machi

Saa tatu na nusu. Niko mezani kwangu. Nimevaa gauni. Bosi ndiye aliyeagiza nije nalo, fundi alione mbele ya watu na ajibu. Mdogo wangu yuko kwenye benchi la mapokezi, mikono mapajani, tepu ameikunja ndani ya kiganja. Saa nne ataingia.

Na kabla ya saa nne mimi nichape barua. Bosi kanisomea maneno, nami nikayaandika kwa mkono, kama ninavyoandika maneno yake kila siku. Kwa wakuu wa matawi yote. Fundi tajwa ameharibu kazi ya ofisi. Amempendelea ndugu yake kwa kificho. Asipewe kazi na tawi lolote. Mstari wa tatu kanitaka niurudie, ahakikishe nimeupata.

Nimeichapa. Ndiyo, nimeichapa, vidole vyangu hivi hivi. Nimerekebisha hata koma moja.

Barua hii ikitoka hapa, mdogo wangu hashoni tena kwa jina lake. Si hapa tu. Mji huu ofisi zinajuana. Atabaki kuwekea vifungo nguo za watu wengine mpaka uzee, kwa sababu dada yake aliona haya ya namba.

Na nikisema? Tani itakuwa jina dogo. Watapata la kunicheka mpaka nistaafu. Tena nitakuwa nimewavua wote nguo, pamoja na Bosi, na Bosi hasahau. Mkataba wangu unaisha mwezi wa sita.

Nimefungua ukurasa mwingine. Nimechapa tarehe. Nimechapa: Mimi, katibu muhtasi wa ofisi hii, kiuno changu ni inchi arobaini.

Nimeifuta. Nimeichapa tena.

Kwenye karatasi niliandika 33. Nilikuwa wa kwanza kuandika. Gauni langu limenikaa kwa sababu fundi hakuifuata karatasi. Fundi aliomba kuja kutupima, mimi nikamzuia bila idhini ya mtu. Naomba apewe saa moja na tepu yake, aanze na mimi, hapa hapa mbele ya wote.

Sijui kama hiyo ni barua. Haina hata salamu.

Mdogo wangu ananitazama kutoka kwenye benchi. Ananijua huyu. Anatikisa kichwa, polepole — usifanye. Dada, usifanye.

Sasa Bosi anaita kutoka ndani. Barua iko tayari? Nimeitika ndiyo, Madamu.

Ziko mbili kwenye kioo cha kompyuta. Printa iko ng'ambo, mezani kwa Mhasibu, na Mhasibu hajawahi kutoa karatasi ya mtu pale bila kuisoma kwanza.  Naandika hapa ili mikono ipate kazi.

Nimebonyeza. Ya pili.

Inaguna. Karatasi inatoka. Mhasibu ameivuta, anakuja nayo huku anasoma. Amesimama katikati ya chumba. Dada wa mapokezi anamuuliza kuna nini. Ameinua uso, na macho yamekwenda moja kwa moja kiunoni mwangu. Nami nimesimama, sijabana pumzi, na yeye sasa ameshusha mkono, anashika mkanda wake wa ngozi, anaulegeza tundu moja.