Pete ya Mlango wa Kifaranga

Kwa dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini u mzima na lile goti limepunguza ukorofi. Mimi mwili haujambo, ila kutulia siwezi. Tangu nianze salamu hizi nimelifungua na kulifunga sanduku la spana mara nne.

Unajua meli yetu hii ya anga hubeba vyombo viwili vidogo vya kushukia. Kimoja tunakiita Jogoo, kingine Kifaranga, na rubani wa Kifaranga ni binti yako. Mdomo hajauacha nyumbani. Juzi alinitania kwamba mjomba wake hukaza hata kifuniko cha chai kwa spana.

Siku tano zilizopita Jogoo alishuka na wapimaji watatu kwenye sayari tunayoizunguka, injini ikamfia huko chini. Nahodha akaamuru Kifaranga awafuate. Dada, huko kuna upepo wa kurusha mawe. Nilipomkagua Kifaranga nikaandika kwamba pete ya mpira ya mlangoni imechakaa, hewa itavuja, na pete nyingine hatuna. Nahodha aliniamini, maana miaka kumi na tisa sijamdanganya. Binti yako alifoka, akasema yuko tayari kwenda hata mlango ukifungwa kwa kamba.

Tangu hapo nazunguka karakana kama niliyepoteza kitu. Kila asubuhi mkubwa wa wapimaji huuliza redioni kama fundi amepata dawa ya ile pete, kisha hunishukuru kwa kuhangaika. Hilo la kunishukuru ndilo lililoninyima usingizi.

Dada, pete ilikuwa nzima. Niliichomoa mwenyewe nikaificha ndani ya soksi. Siku ya kuagana ulinishika mkono ukasema nikurudishie mwanao, nami nikaona heri wafe wa wenzio kuliko wako. Naona aibu kuliandika.

Leo nimeirudisha, nikamwambia nahodha yote, binti yako akisikia. Hewa ya wale wapimaji imebaki ya saa sita, na upepo umekuwa mkali kuliko siku ile niliyomzuia. Mchuma janga hula na wa kwao. Binti yako hakunitukana. Aliniita fundi, si mjomba, akauliza kama mlango sasa unaziba. Nikamjibu unaziba. Akavaa kofia yake, akashuka.

Imepita saa moja sasa tangu ashuke, redio inakoroma tu. Nisalimie shemeji na watoto. Ukiwa na dua, mwombee yeye kwanza.

Nduguyo,
Fundi