Sikubembelezwa, Mjomba

Chumba cha nne, uani,
Nyuma ya dobi kubwa.
Jumapili, tarehe 2 Juni.

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Pokea kwanza ya kwangu, halafu ya Chiriku, ambaye hajui kusema lakini ameshajua kupunga mkono. Goti lako linaendeleaje? Mkazamjomba alituandikia kwamba siku hizi unapanda ngazi za mahakama kwa kupumzika mara mbili. Pumzika hata mara tano, kesi hazikimbii. Sisi hatujambo. Chiriku ametimiza miezi minane, ana meno mawili ya chini, na lile sikio lililokuwa likimsumbua linapona.

Barua yako niliipata Ijumaa. Nimeisoma mara tatu, mara ya tatu kwa sauti ili Mama naye asikie. Unasema Mama amekuomba unishawishi nitie sahihi ile karatasi ya kazini, yaishe. Ukaongeza kwamba maneno matamu humtoa nyoka pangoni. Mjomba, mimi si nyoka, na pango hili ni langu. Sitii sahihi. Nimelitanguliza hilo ili haya mengine uyasome ukiwa umekaa.

Mama amekusimulia nusu. Niliporudi kazini kule dobini baada ya uzazi, msimamizi wetu, yule tunayemwita Bwana Utaratibu, alichukua kadi yangu ya geti akaitia mfukoni mwa shati. Akaniambia zamu ya mchana haina nafasi ya mama anyonyeshaye, kadi nitaipata nikikubali usiku. Nikakaa kwenye benchi la nje siku mbili nzima, maziwa yananichuruzika mpaka gauni likalowa, na wenzangu wanapita wakinitazama kama mzigo uliosahauliwa. Siku ya tatu nikasema ndiyo. Tena nikamwambia asante. Hiyo asante ndiyo inayoniuma mpaka leo kuliko hata lile benchi.

Unajua mwenyewe Mama anaosha masufuria ya bweni usiku, na baba Chiriku yuko safarini na lori lake wiki tatu, nyumbani wiki moja. Mchana mtoto ana bibi yake, usiku hana mtu. Wiki tano hizi Mama amekuwa akiomba ruhusa kila kukicha, na juzi wamemwambia akiomba tena abaki huko huko nyumbani. Ndiyo maana anataka nisaini: yeye aache kazi, alee, mimi niendelee na usiku. Eti yeye ameshazeeka. Mjomba, dada yako ana miaka arobaini na tisa na ananishinda kukimbia.

Sasa mkaguzi wa kazi anakuja tarehe thelathini, na ofisi imeshtuka. Wametuandalia karatasi kwa Kiingereza, kila mmoja na yake. Yangu inasema nilielezwa, na kuna neno hapo, persuaded, kisha nikakubali zamu ya usiku moja kwa moja. Nikamuuliza karani hilo neno ni nini.

“Ni neno laini tu, dada,” akasema. “Maana yake ulibembelezwa.”

“Nilibembelezwa na nani?”

“Si na msimamizi? Saini bwana, kalamu inakauka.”

Nikamwambia aifunike basi, isikauke. Wanawake waliokuwa nyuma yangu kwenye foleni wakacheka mpaka akafunga dirisha.

Nikaenda nyumbani nikaitoa ile kamusi uliyonipa mwaka nilioacha shule. Usidhani ilikuwa inaliwa na mende, nimeitunza kwenye mfuko wa nailoni. Mjomba, neno moja la watu lina maneno yetu chungu nzima. Kushawishi. Kubembeleza. Kusihi. Kurai. Nikayajaribu moja moja kama mtu ajaribuye viatu. Anayesihi huinamisha kichwa. Bwana Utaratibu alikuwa ameegemea kiti na mimi nimesimama. Anayerai hukupa maneno mazuri. Mimi sikupewa hata stuli. Anayeshawishi hukuonyesha faida; mimi nilionyeshwa geti. Na kubembeleza usiniambie kitu, ndiyo kazi yangu ya kila siku. Dawa ya sikio ya Chiriku ni chungu kama nini sijui. Akiona kijiko anafumba mdomo. Namwimbia, nakificha nyuma ya kikombe, nalamba mimi kwanza nijifanye nimefurahi. Akigoma, naweka kijiko chini nasubiri. Anaweza kugoma, Mjomba. Hapo ndipo penye kubembeleza. Mimi kadi yangu ilikuwa imeingia mfukoni mwa mtu.

Pale dobini tunakunja mashuka wawili wawili. Kila mmoja ana pembe zake mbili, mnatembea mnakutana katikati. Mwenzangu, mama mmoja mtu mzima tunayemwita Bibi Mikunjo, alinifundisha siku ya kwanza: “Usinivute, mwanangu. Ukivuta nami nitavuta, litatupasukia. Legeza, nitakuja mwenyewe.” Miaka miwili tumekunja maelfu, hatujapasua hata moja. Nilipomweleza habari ya ile karatasi, alisema, “Andika yako.”

Nimeandika yangu. Kiswahili, kwa mkono wangu, ukurasa mmoja: kadi, mfuko wa shati, benchi, siku mbili. Hata ile asante nimeiweka, isije ikatajwa na mtu mwingine. Bibi Mikunjo ametia dole gumba chini yake, kwa kuwa aliniona pale nje. Mama alipoisoma alimchukua Chiriku kwapani akanipikia chai. Najua bado anaogopa. Hata mimi naogopa. Lakini hiari yashinda utumwa, na mimi hiari yangu haijaombwa na mtu bado.

Karatasi hiyo iko humu ndani ya bahasha. Wewe ndiye unayefasiri maneno ya watu mahakamani, naomba uiandike kwa Kiingereza ili mkaguzi asiwe na pa kujificha. Barua yako ilichukua siku sita. Sita kwenda na sita kurudi, muda upo. Usinitafutie neno la adabu. Tafuta lile la kweli.

Nisalimie sana Mkazamjomba, na mwambie kitambaa alichomtumia Chiriku kilimtosha. Wasalimie na mabinamu wote, hasa yule mpenda ubishi, mwambie amepata mwenzake. Mungu akupe goti jipya na macho yale yale.

Na kama utaona uzito, Mjomba, ukasema hapana, basi. Nitatafuta mwingine, na wewe utabaki mjomba wangu, nami nitakuandikia vile vile. Kadi yako sijaishika. Nakubembeleza tu.

Ni mimi mpwa wako, nikupendaye hata nikikubishia,

Mama Chiriku