Kigari cha Mtoto wa Darasa la Pili

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako na naomba uniwahi kabla ya Jumamosi ya wiki ijayo, maana jambo lenyewe ukilisikia utasema huyu mama hana kazi ya kufanya, ni kuhusu kigari cha mtoto, kile cha kusukuma, lakini kimeshanikosanisha na mume wangu, kimenikosanisha na wifi yangu, na sasa naona kinanitenga na mwanangu mwenyewe, na huyo ndiye aliyenifanya nishike kalamu.

Mimi ni msoma mita za maji, huu mwaka wa kumi na mbili natembea nyumba kwa nyumba, nafunua kifuniko, nasoma namba, naandika, nakwenda nyumba inayofuata, na pale ofisini wananiita Mama Miguu kwa sababu sijawahi kuomba nipangiwe mitaa ya karibu, na sitakudanganya, jina hilo nalipenda. Mume wangu ni mwoka mikate. Tuna mtoto mmoja wa kike, ana miaka saba, yuko darasa la pili, na nyumbani tunamwita Bibi Mdogo kwa sababu alikuwa na maneno kama mtu mzima, kitu kikimuudhi ulikuwa unakijua hata hujauliza.

Likizo iliyopita kiwanda cha mikate kiliwapeleka wafanyakazi na familia zao kwenye bustani ya burudani, ile yenye bembea na treni za kupanda na kushuka na lile gurudumu kubwa linalokupandisha mpaka ukauona mji mzima, na Bibi Mdogo alikuwa ameshalichora gurudumu hilo akalibandika kwenye mlango wa jokofu, mwezi mzima kila tukitoa maziwa tunakutana nalo. Asubuhi ya safari mume wangu akakitoa kigari cha zamani nyuma ya mlango wa stoo, akakipangusa vumbi, akasema tukichukue, siku ni ndefu. Mimi nikacheka. Nikamwambia mtoto anayejua kusoma na kuandika utamsukuma kama gunia la unga, watu watatuonaje, na mume wangu hapendi ubishi wa asubuhi, akakirudisha.

Getini tukamkuta wifi yangu, dada wa mume wangu, ni fundi wa saluni, tulikuwa tumemwalika yeye na mwanawe, na huyo mwanawe ana miaka sita, mtoto ameshiba, kakaa kwenye kigari magoti yamekaribia kidevu. Mshauri, mdomo wangu haukunisubiri. Nikasema, watu wote wa kiwandani wanasikia, "Wifi, huyu si ataota ndevu humo humo?" Watu wakacheka, wifi akatabasamu kidogo akaanza kusukuma, nami nikajiona nimesema la maana. Sasa baada ya hapo ningerudije nyuma?

Mpaka saa nne mambo yalikuwa mazuri, mtoto anakimbia mbele yetu. Kwenye saa sita akasema mama nimechoka, nikamwambia jikaze. Baadaye kidogo akasema tena, nikamwambia mimi kazini natembea zaidi ya hapa na hakuna anayenibeba. Mara ya tatu tulikuwa kwenye foleni ya treni, wifi yuko nyuma yetu na kigari chake, na mimi nikaona haya, nikamwinamia mtoto nikamwambia, "Ukisema tena umechoka tunarudi nyumbani, na gurudumu hulioni." Kuanzia hapo baba yake akimuuliza umechoka, jibu ni moja, "Sijachoka," na mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi, nikasema moyoni samaki mkunje angali mbichi, ona sasa amekunjika.

Gurudumu tulilifikia saa kumi jioni. Foleni ilikuwa ndefu, akakaa chini kwenye vumbi na gauni lake jipya akalala, zamu yetu ilipofika nikamwamsha, tukaingia kwenye kile kibanda cha kioo, na hata hatujafika nusu ya safari ya kupanda alikuwa amelala tena mapajani kwangu. Mji mzima niliuona mimi. Nilimtikisa mara mbili, hakuamka. Kutoka hapo mpaka getini baba yake alimbeba begani, na wifi yangu, ambaye mwanawe wakati huo alikuwa anatembea kwa miguu yake anakula aiskrimu, akatusogezea kigari kitupu akasema mlazeni humu. Nikamjibu, "Asante wifi, hajachoka."

Ningekuwa nimeishia hapo nisingekusumbua. Lakini wiki mbili baadaye mwalimu wake alinipigia simu nije nimchukue, nikakuta soksi imegandana na kisigino, kiatu kipya cha shule kilimtoa lengelenge likapasuka likaanza kutunga usaha, na mtoto ametembea nalo siku tatu kwenda na kurudi, hasemi, hachechemei nikiwa namtazama. Nikamuuliza kwa nini hukuniambia. Akanijibu bila kulia, kama mtu anayenisomea sheria ya darasani, "Ukisema unarudishwa nyumbani." Mshauri, hapo ndipo miguu iliponiishia.

Sasa kiwanda kinakwenda tena Jumamosi ya wiki ijayo, na Bibi Mdogo ameomba twende kwa sababu anasema yeye gurudumu hajaliona. Mume wangu kashakitoa kigari stoo, kakitia mafuta magurudumu, hasemi kitu. Wifi yangu anakuja pia. Mimi nimegawanyika, upande mmoja mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, nikimzoesha kusukumwa na miaka saba yake si atanidai gari akifika kumi, na simu yangu inahesabu hatua, siku ile nzima nilitembea hatua elfu kumi na nne tu, nami siku ya kawaida ya kazi nakwenda hata ishirini. Kwa hiyo nakuuliza wewe usiye ndugu wa upande wowote, mtoto mkubwa kiasi hiki kweli anahitaji kigari kwenye bustani ya michezo? Na nikikichukua, nitamtazamaje wifi yangu?

Ni mimi,
Mama Miguu

MSHAURI ANAJIBU

Mama Miguu, barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa nimekaa, maana ya kwanza ilinichosha magoti. Pole kwa kisigino cha mtoto. Pole kwako pia, ila yako itakuja na maneno mengine nyuma yake, kwa hiyo jiandae.

Tuanze na hizo hatua elfu kumi na nne. Hizo ni zako. Za mtoto umezihesabu? Mguu wake ukiupima na wako unafika wapi? Wewe ukipiga hatua moja yeye anapiga mbili, na akikukimbilia ili asiachwe anapiga tatu. Kwa hesabu ya chini kabisa siku ile yeye alikwenda elfu ishirini na nane, zaidi ya siku yako nzito ya kazi, na hakuwa na miaka kumi na miwili ya mazoezi. Miaka yote hiyo unaingia kwenye nyumba za watu na hujawahi kuandika namba ya mita ya jirani kwenye ukurasa wa mwenye nyumba. Lakini kwa mwanao umefanya kosa hilo hilo hasa, ukaja na jibu kwamba hajatumia kitu.

Na simu yako kuna kitu haihesabu kabisa, nacho ni kusimama. Bustani ile mtu hatembei sana, anasimama: foleni ya treni, foleni ya bembea, foleni ya choo, foleni ya maji. Wewe kazi yako ni kwenda, kusimama hukujui. Wifi yako ndiye anayejua kusimama. Mtu anayesuka vichwa vya watu kutoka asubuhi mpaka jioni amesimama sehemu moja anajua miguu inaisha vipi bila kwenda popote. Yule mwanamke hakuja na kigari kwa kudekeza mtoto. Alikuja nacho kwa sababu ya ujuzi wa kazi yake, kama wewe ulivyokuja na kiburi cha kazi yako.

Unauliza kama mtoto wa miaka saba anahitaji kigari. Kwenda shuleni, hapana. Kwenda dukani, hapana, na akikudai mkatalie. Lakini siku nzima juani, kutoka asubuhi hadi jioni, anahitaji mahali pa kukaa, na mahali hapo apakute kila akigeuka. Kama bustani ingekuwa na benchi kila baada ya hatua hamsini ningekwambia kigari kibaki stoo. Haina. Basi benchi lako ni hilo lenye magurudumu, ambalo pia litabeba chupa za maji, sweta, na ule mkoba ambao nina hakika siku ile aliubeba baba yake pamoja na mtoto.

Usiniambie habari ya samaki mbichi. Mkunje, ndiyo, hakuna aliyesema umvunje. Kumfundisha mtoto uvumilivu ni kumwambia zimebaki zamu mbili, tukimaliza tunakaa, halafu ukakaa kweli. Wewe ulimfundisha kitu kingine. Ulimwambia kwamba maumivu yakitajwa, furaha inachukuliwa. Ni mtoto mwerevu, somo alilishika siku hiyo hiyo, akalipeleka mpaka shuleni ndani ya soksi. Leo ni kisigino. Kesho ni tumbo, keshokutwa ni mtu mzima amemfanyia ubaya na mtoto anahesabu atakachopoteza akisema. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na huu ufa umeutoboa mwenyewe, kwa hiyo usimtumie baba yake aje kuuziba.

Kisha kuna lile neno lako la getini jioni, "Hajachoka." Mtoto kalala begani kwa baba yake mate yanamtoka, nawe unamwambia wifi yako hajachoka. Nimecheka, nisamehe, halafu sikucheka tena. Mtoto uliyemwita wa ndevu alitoka pale kwa miguu yake akila aiskrimu. Wako alitoka amebebwa. Sasa kati yenu wawili nani alikuja na mtoto wa kusukumwa?

Fanya hivi. Leo au kesho, mkague kisigino kama kimepona, kisha toka naye mpaka dukani, mwendo wenu wa kawaida, yeye ahesabu hatua zake kwa sauti na wewe uhesabu zako. Mkirudi ziandike zote mbili kwenye karatasi, muibandike pale kwenye jokofu chini ya picha ya gurudumu. Halafu umwambie waziwazi, usizungukezunguke, kwamba siku ile ulikosea, kwamba ulihesabu zako ukasahau zake. Mwambie kuanzia sasa akisema amechoka au anaumwa hakuna kitu atakachonyang'anywa kwa sababu ya kusema. Hatakuamini siku ya kwanza. Ana haki.

Jumamosi nendeni kwenye gurudumu kwanza, kabla ya treni, kabla ya bembea, kabla ya kila kitu, hata kama watu wa kiwandani wanaelekea kwingine. Kigari kiwe wazi, tena kitupu, kwenye kila foleni, na usimuulize kama amechoka, kwa sababu swali hilo jibu lake umeshaliharibu. Akikaa asikaribishwe kwa maneno. Akisimama asisifiwe. Asipokaa siku nzima kwa kuona haya mbele ya watoto wenzake, hewala, wekeni maji humo na msimlazimishe.

Kuhusu wifi yako, unajua la kufanya, unataka tu mtu akwambie. Mzaha uliutoa getini watu wakisikia, na samahani nayo itoke getini watu wakisikia. Isizidi sentensi moja. Ukirefusha utaanza kujitetea, nakuona kwa urefu wa barua yako. Akikutania, na ana haki ya kukutania mpaka mwaka uishe, cheka.

Mume wako mwambie asante kwa yale mafuta ya magurudumu. Mtu anayetia kitu mafuta bila kusema neno ameshasema mengi, ila humo nyumbani mwako naona kusema kumekuwa shida kwa watu wote isipokuwa wewe.

Mwisho. Siku moja, huenda si Jumamosi hii, mtoto atakusogelea atasema kwa sauti ndogo, "Mama, nimechoka." Atakuwa anakupima. Usimwambie jikaze, usimwambie habari za mitaa unayotembea. Mwambie, "Kaa." Kisha zunguka nyuma ya kigari, ushike mpini, usukume. Miguu unayo.