Picha ya Mahafali ya Chebet

Jumatatu, 3 Machi
Nimekamua ng'ombe. Nimepeleka majani ya chai kituoni pamoja na Chebet. Foleni ndefu, karani wa mizani amechelewa tena. Mvua imeanza na chai inachipua haraka kuliko mikono yetu.
Majirani wanamwita mjukuu wangu Digrii. Leo zamu ilikuwa ya Mama Kiptoo: "Digrii, sogeza gunia, wenye darasa la saba tupite!" Foleni nzima ikacheka. Chebet naye akacheka, akasogeza. Mimi sikucheka.
Miaka minne tangu avae joho. Kemia, daraja la juu. Amefanya kazi bila malipo katika maabara mbili, zote zikamshukuru kwa barua. Barua nzuri. Ninazo kabatini.

Jumatano, 5 Machi
Kiwanda cha chai kilicho ng'ambo ya mto kinatafuta vibarua wa msimu wa mvua. Kazi yenyewe ni kutandaza na kugeuza majani kwenye vitanda vya kunyausha. Kiprono ni msimamizi wa zamu pale. Nilimfundisha kugawanya, ikachukua muhula mzima. Amepita hapa kusema jina la Chebet linaweza kuingia.
Kuna sharti. Elimu mwisho kidato cha nne. Mwaka jana walichukua watatu wenye digrii, hao watatu wakauliza habari za mikataba na glavu. Waliondolewa, na mlango ukafungwa kwa wote waliosoma kama wao. Sasa lazima kila fomu iambatane na barua ya mzee wa kijiji, kuthibitisha kiwango cha elimu.
Mzee wa kijiji ni mimi.
Nilimwambia Kiprono atoke.
"Mwalimu, usinifukuze. Hii si sheria yangu. Mbuzi wa sherehe yake mimi nilimla hapa hapa, kwa kiti hiki."
Alitoka. Fomu akaiacha mezani.

Alhamisi, 6 Machi
Hasira. Sijapata neno lingine tangu asubuhi.
Nilikuwa na miaka saba walipotutoa ng'ambo ya mto. Baba alisimama mlangoni. Mzungu akamwuliza karatasi ya ardhi. Baba hakujua karatasi ni nini, akamwonyesha kaburi la baba yake. Tulivuka mto na mbuzi, mama akiwa na mawe ya kusagia mgongoni. Kibuyu cha maziwa alikisahau kwenye ndoano. Alikitaja kile kibuyu mpaka mwaka aliokufa. Kiwanda kilijengwa palepale, kando ya chemchemi tuliyokuwa tukinywa.
Nilijifunza jambo moja kutoka siku hiyo: karatasi. Nikalifundisha miaka thelathini na minne. Niliwaambia watoto wa watu. Nilimwambia Chebet akiwa na miaka sita: shamba linaweza kuchukuliwa, cheti chako hakuna wa kukichukua.
Ni kweli, hawajakichukua. Wanataka akifiche mwenyewe. Na mimi nitie sahihi kwamba hakijawahi kuwepo.
Je, nilidanganya madarasa yote yale? Swali hilo linaniudhi kuliko Kiprono na kuliko kiwanda.

Ijumaa, 7 Machi
Sitii sahihi.

Jumamosi, 8 Machi
Chebet ameijaza fomu. Mwandiko wake ni wangu, niliufundisha mwenyewe. Penye elimu ameandika: kidato cha nne. Nilimwambia sijaandika uongo tangu nianze kushika kalamu, na sitaanza sasa.
Hakulia. Nilitaka alie, ningejua la kufanya.
"Kugo," alisema. Ndivyo anavyoniita, babu yake. "Huo ukweli nimeutembeza kwa maofisi miaka minne. Nina miaka ishirini na saba. Bado nakuomba wewe sabuni."
Nimetia sahihi. Kalamu ni ile ile niliyojazia ripoti za shule. Kisha nimekwenda kupalilia mahindi ambayo hayakuhitaji kupaliliwa.

Jumanne, 11 Machi
Afisa wa ajira ametoka mjini kukagua nyumba za walioomba, kwa kuwa barua peke yake haiwatoshi. Kiprono alituonya tangu jana. Kwa hiyo jana tuliishusha picha.
Picha ya mahafali. Chebet na joho na kofia, mimi kando yake na koti langu la kustaafu. Kila nyumba hapa Roret yenye mtoto aliyemaliza chuo ina picha kama hiyo, kubwa, mbele ya mlango, ili mgeni aione kabla hajapewa kiti. Tuliizungushia leso, tukaiweka stoo nyuma ya magunia.
Hatukufikiria ukuta. Penye picha rangi bado ni ya buluu, kwingine kote imekwisha kwa moshi na jua. Kiraka kikubwa. Tulijaribu kukifunika kwa kalenda, kikajitokeza pande zote. Tukaitoa.
Afisa ni kijana mwenye adabu. Viatu vyake vilikuwa vimejaa tope. Alikunywa nusu kikombe cha mursik, maziwa yetu ya kuganda, bila kukunja uso. Alisoma barua yangu, akatikisa kichwa kukubali. Kisha akatazama ukuta.
"Hapa palikuwa na nini, Mzee?"
Nilikuwa nimejiandaa kusema kioo, kimevunjika. Kinywa kikasema: "Picha ya marehemu."
Alivua kofia. "Poleni sana." Hakuuliza tena. Akaandika.
Chebet alikuwa jikoni akipuliza moto. Kupuliza kulikoma.
Nimemwita mtoto aliye hai marehemu, chini ya paa langu. Kwetu neno hilo halichezewi. Nawachukia watu hawa. Nawachukia kwa hili kuliko kwa shamba. Shamba walilichukua wenyewe. Hili nimewapa mimi.

Alhamisi, 13 Machi
Jina la Chebet limetoka. Anaanza Jumatatu, zamu ya usiku.
Nimekwenda kwa chifu kuacha uzee wa kijiji. Nimeweka daftari la kijiji mezani pake.
"Mwalimu, kwani umeiba nini?"
Nimemwambia nimeandika uongo kwenye barua ya kazi.
"Na ni nani hajaandika?" Alicheka, akalisukuma daftari upande wangu. Nililiacha hapo hapo. Nimerudi kwa miguu, mvua ikininyeshea njia nzima. Bado nina hasira, na sina wa kumpelekea.
Na Chebet hajanisemesha tangu Jumanne. Ananiwekea chakula, anatoka.

Jumanne, 18 Machi
Chebet amefika nikikamua. Nguo zake zinanuka majani yaliyonyauka, harufu kama ya matufaha yaliyokaa sana. Vidole vimekuwa vya kahawia.
Alipita moja kwa moja hadi stoo. Akatoa picha, akaipangusa kwa leso, akapanda kiti, akaitundika. Akarudi nyuma kuona kama imenyooka.
"Haya, Kugo. Marehemu amefufuka. Mpe chai."
Nilicheka mpaka nikakohoa. Yeye pia. Nilimpa chai.
Aliniambia nyuma ya boila kuna chemchemi, imejengewa simenti, ina kifuniko cha chuma. Aliniuliza kama ndiyo ile. Nilimwuliza kama kuna mwamba mweusi upande wa chini. Upo. Nikamwambia ndiyo yenyewe.
Amelala sasa, hajavua hata soksi. Kitambulisho kiko juu ya meza: jina, namba, kibarua. Tangu tuvuke mto, hakuna mtu wa nyumba yetu aliyekanyaga pale. Wa kwanza ni yeye.
Kabla ya kulala aliuliza kama nataka maji ya ile chemchemi kidogo, kwa chupa.
Nimesema ndiyo.