Mume Wangu Anasema Alinibeba Jangwani

Bi Kuruthum, baada ya salamu, nnaomba unisaidie kabla sijasema mbele za watu neno lisilorudi. Mimi nipo Ibra, huku Oman, mume wangu Aflah ni mtu wa Mintirib, mji wa jirani, kazi yake kupeleka wageni kwenye makambi ya mchangani, na mwaka jana tulikodi gari la kulala ndani kule Peru tukashuka nalo pwani kwa pwani kuelekea Chile, bahari upande mmoja na jangwa upande wa pili, na mwenye gari alituonya tusitoke kwenye lami maana gari zito, lakini Aflah akacheka, "Mchanga nifunzwe mimi?", akakata kushoto. Akapunguza upepo wa matairi kama afanyavyo kwetu, gari likazama mpaka tumboni, ukungu wa baharini ukatufunika, simu hazishiki, na yule bingwa wa mchanga akakaa kajifunika uso analia, "Tutakufa hapa, Khole," basi ni mimi niliyefuata alama za matairi kwa miguu mpaka barabarani, abaya imeroa, nikasimamisha lori, dereva na mkewe wakaja kutuvuta kwa mnyororo, Mungu awalipe.

Sasa huku nyumbani nasikia hadithi nyingine. Kila akija mgeni, Aflah anasimulia kuwa mimi nilizimia, yeye akanibeba mgongoni, na mama yake nikimwamkia shikamoo ananijibu, "Marahaba, mshukuru mumeo, bila yeye ungekuwa mifupa." Nikamwuliza tukiwa wawili, kwa nini unanifanyia hivi, akasema, "Wewe mke wangu, nisitiri." Nikamsitiri. Lakini wiki hii nduguye Hood na mkewe Saliha wametwambia wanakwenda njia ileile na watoto wao, Aflah awaongoze, na keshawaahidi kuwapitisha palepale mchangani, nami nikisema nitaitwa mke mwenye kiburi. Nifanyeje?

Khole, Ibra (majina si yetu)

Khole mwanangu, nimekusoma na mimi nimekasirika. Umemtoa mtu mautini, halafu anakugeuza mzigo wa mgongoni mwake. Hiyo ni dhulma, wala usikubali kuambiwa ni utani.

Lakini nawe nikuseme. Unahofia utaitwa nani, na watoto wa Saliha umewataja mwisho kabisa. Walitakiwa wawe mwanzo. Kwamba mumeo aliogopa akalia, hilo msitiri mpaka kaburini. Hadithi itakayowaingiza watoto mchangani si aibu ya kusitiriwa tena, ni hatari, na ukinyamaza umeshirikiana naye.

Leo hii mwambie Aflah, kwa sauti ya kawaida, kwamba anayo nafasi mpaka Ijumaa, mkikutana nyote kwa mkweo kula chakula cha mchana, amwambie Hood mwenyewe kuwa gari lilizama. Asipokubali, usibishane. Mkishakula, sema wewe, Hood na Saliha wakiwa pamoja, na mumeo akiwepo: tulitoka barabarani, gari likazama, nikenda kwa miguu kutafuta msaada. Basi. Usiongeze kejeli. Akinuna, anune. Mkweo akikuita mwenye kiburi, nyamaza kwa adabu, ila usilirudishe hata neno moja ulilosema.

Na wewe bwana, kama haya yamekufikia ukajijua, mkeo bado amekuachia siku chache useme mwenyewe. Zitumie.