Ndege Aliyoisikia Mama

Igowole, Jumatano, Januari 1979

Masikio bado yanavuma. Asubuhi tulikuwa tunapalilia mahindi, mara ndege ya jeshi ikapita chini sana, kwa mlio ambao sijawahi kuusikia maishani. Nikajitupa chini. Tangu vita vianze naogopa kila kitu.

Nilipoinua kichwa, mama alikuwa amesimama wima, machozi yanamtoka. Huu ni mwaka wa sita tangu awe kiziwi.

"Nimesikia, mwanangu! Nimesikia!"

Nikamwita kwa nguvu karibu na sikio, mara tatu. Aliendelea tu kutazama juu.

Jioni, tukila, akauliza, "Kesho itapita tena?"

Niliitikia kwa kichwa. Sijui kama nimekosea. Amesema kesho hapalilii, atakaa nje kwenye kigoda asikilize.